Mstari wa Mwisho wa Dairekta

Bunda nzima ilimwita Dairekta. Mkewe alimwita Dairekta, mchungaji akitangaza wagonjwa wa kuombewa alimtaja kama Dairekta, na siku moja mimi mwenyewe nilimsikia amejigonga kidole kwa nyundo akajiambia, "Pole, Dairekta." Alikuwa afisa elimu ya watu wazima. Kazi yake ilikuwa kufundisha wazee wa Mugeta na Manyamanyama kusoma na kuandika, lakini hilo lilikuwa jambo la mshahara tu. Moyo wake ulikuwa kwenye igizo moja la Kiingereza.

Igizo hilo lazima nilieleze mapema, maana bila hilo mtu huyu hafahamiki. Alipelekwa kozi Uingereza kwa miezi ya baridi. Wenzake walirudi na redio. Yeye alirudi na koti zito la rangi ya majivu na kitabu chembamba cha igizo la kisasa aliloliona huko. Ndani yake kuna mzee wa mji wa viwanda aliyefiwa na mke, na mkamwana wake ambaye naye amefiwa na mume. Wamebaki wawili katika nyumba moja, na kila mmoja anataka mwenzake ndiye aondoke. Wanazozana tangu pazia linapofunguka. Mwishoni mkamwana amefunga sanduku lake, anammiminia mzee chai ya kuagana. Mzee anaweka mkono wake juu ya mkono wa binti yule, anasema: "Kaa kidogo. Chai bado ina moto." Basi, imeisha.

Alituambia kwamba siku aliposikia mstari huo kule ukumbini alilia mpaka mama mmoja wa Kizungu akampa leso. Aliporudi akalitafsiri igizo lote, akatuapia: "Nataka niuone mstari ule ukisemwa kwa Kiswahili, mbele ya watu wetu. Mara moja tu. Baada ya hapo nizikeni." Tulidhani ni maneno ya jazba tu. Kumbe mtu alikuwa anatueleza maisha yake yote.

Mimi wakati huo nilikuwa mpiga chapa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuja kuomba godauni la kufanyia mazoezi, maana msimu ulikuwa umekwisha na pamba yenyewe mwaka ule ilikuwa ya kuokoteza. Nikamjibu kwamba bosi hayupo, na hata angekuwepo asingempa, na lile koti alivue kabla halijamuua kwa joto. Akaniangalia kwa furaha kubwa. "Huyu ndiye," akasema, hakuna aliyemwelewa. Kesho yake godauni lilikuwa lake, na mimi nilikuwa Margareti, yule mkamwana wa kwenye igizo.

Baba mkwe wa Margareti alipatikana papo hapo kiwandani, karani wetu wa mizani, mtu wa kifua kipana mwenye sauti ya kusimamisha trekta. Hakuwahi kuigiza kitu chochote ila hasira mbele ya wakulima waliolowesha pamba ili iwe nzito. Dairekta alisema hiyo inatosha.

Namna yake ya kuongoza haikufanana na ya mtu mwingine. Alikuwa hasemi "fanya hivi". Alikuwa anasema, "Usinionyeshe huzuni. Nionyeshe kijiko." Ukikoroga chai kwa haraka anakusimamisha, anakuuliza mumeo amekufa lini. Lakini ugonjwa wake mkubwa ulikuwa ukimya. Igizo lile lilijaa mahali ambapo watu wanaacha kusema, wanatazamana tu, na yeye hakukubali hata pumzi moja ipunguzwe. "Ukimya nao ni mstari," alisema. "Usiuruke." Huko Uingereza labda. Bunda, mtu akinyamaza mbele za watu, watu wanamwonea huruma. Siku ya kwanza tulipoonyesha kipande kidogo kwa wafanyakazi, karani alinyamaza kama alivyoagizwa, na mpakiaji mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Amesahau huyu! Msaidieni!" Wengine wakaanza kumpa maneno. Mmoja akamshauri amwombe binti msamaha, mwingine akamshauri amfukuze. Dairekta alisimama katikati ya marobota ya pamba ameshika kichwa.

Alikuwa pia mtunzi, tena mtunzi hasa, ila hakutaka kuambiwa hivyo. Ofisi ikitaka igizo la vyoo au la kipindupindu, alikaa jioni moja akaliandika kwa kununa, na watu walilipenda kufa. Kuna lile la nzi anayetoka chooni kwenda harusini. Nzi yule aliigizwa na fundi baiskeli mmoja wa Manyamanyama, na mpaka leo wajukuu wa fundi huyo wanaitwa watoto wa Nzi. Tulipopita Mugeta na igizo la Kiingereza kuliangalia jukwaa, mama mmoja alimshika Dairekta mkono akamwuliza kwa unyenyekevu: "Baba, na nzi atakuwepo?" Alimjibu hapana. Njiani kurudi alivuta kola ya koti mpaka masikioni. Nilimhurumia, lakini nilicheka pia, nikageukia dirishani ili asinione.

Sasa nije kwenye jambo la ukwe, ambalo ndilo lililotuchosha wote.

Kwetu Mara mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana, na mwanamume na mama mkwe wake vivyo hivyo. Hamli meza moja, hampeani mkono, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anakohoa na mwingine anaingia majanini. Karani alipoambiwa kwamba atakaa meza moja na mkamwana na kumshika mkono, jasho lilimtoka. "Dairekta, lakini huyu binti hata kama si mkamwana wangu, ninamwita mkamwana," alisema. "Ulimi ukizoea je?" Dairekta akampigia hotuba niliyoisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuitoa usingizini: "Jukwaani hakuna mkwe. Hakuna shemeji, hakuna mjomba. Kuna mtu na mtu."

Alikuwa anaitoa hotuba hiyo kwa mara nyingine, kidole juu, pale mlinzi wa geti alipochungulia akasema, "Dairekta, mama mkwe wako yuko hapa nje, anakuulizia." Mtu na mtu wapi! Aliruka dirisha la nyuma na koti lake, kiatu kimoja kikabaki ndani. Mama mkwe, bibi mfupi mpole kutoka Butiama aliyekuja gulioni, akakaa kwenye robota akapumzisha miguu, akatuomba tuendelee. Tukaendelea. Kutoka nyuma ya ukuta, kwenye majani, ilitujia sauti ya chini: "Kijiko! Polepole kijiko!" Yule bibi alitazama dari, uso wake hauonyeshi kitu. Alipoondoka alikiweka kile kiatu vizuri dirishani, kikitazama nje.

Onyesho la kwanza lilikuwa Bunda, mchana, kwa sababu umeme ulikuwa wa kubahatisha. Ilikuwa miaka ile ambayo sabuni tulikata vipande kama keki, na sukari tuliisikia kwa wasafiri. Chai tulikunywa na sukari guru, ikikosekana tuliinywa na mazungumzo. Dairekta alitaka bakuli la sukari mezani, kwa sababu limeandikwa kwenye kitabu. Nikaenda Musoma, nikachota mchanga mweupe wa ufukweni, nikauosha na kuuchekecha mpaka ukang'aa. Ulikuwa unapendeza kuliko sukari yenyewe.

Tulicheza vizuri, nasema kweli. Hata ukimya waliuvumilia. Tukafika mwisho, sanduku limefungwa, nikamimina chai, nikachota kijiko cha kwanza kutoka kwenye bakuli. Ukumbi ukaguna. "Jamani," mama mmoja akasema, sauti inatetemeka, "sukari!" Nikachota cha pili, maana Margareti anaweka viwili. Hapo kamanda wa mgambo aliyekuwa benchi la mbele akasimama. Zilikuwa siku ambazo mtu mwenye kitu alitakiwa aeleze alikokipata.

"Samahani, Dairekta," akasema kwa adabu, "hiyo sukari imetoka duka gani?"

Karani, ambaye alikatazwa kabisa kutoka kwenye uhusika, akamjibu kwa ile sauti yake: "Hapa ni Uingereza."

Kamanda akapanda jukwaani, akachovya kidole kwenye bakuli, akakiweka mdomoni. Tulimsikia akitafuna. Mchanga una mlio wake, hata aliyekaa mlangoni aliusikia. Ukumbi ulianguka kwa kicheko, kamanda mwenyewe akacheka akitema, watu wakapanda kuonja wahakikishe, na mimi nikabaki nimeshika birika bila kujua niliweke wapi. Dairekta alikuwa amesimama pembeni na koti lake. Hakumtukana mtu. "Tulibakiza mstari mmoja," akasema, basi.

Akatupeleka Butiama, kwenye uwanja wa shule, safari hii bila bakuli. Tulipakiwa kwenye lori aliloliendesha mtoto wa karani, fundi mitambo wa kiwanda cha nguo Musoma, kijana mrefu aliyecheka mahali pasipochekesha. Nitarudi kwake. Butiama watu walijaa mpaka juu ya mawe. Tukafika kwenye chai, karani akaanza kuunyanyua mkono, na mzee mmoja akasimama na fimbo yake.

"Acha! Acha hapo hapo! Huyu si mkamwana wako huyu? Na mumewe si amekufa? Halafu unamshika mkono?"

Dairekta akatoka mbio nyuma ya pazia, akaeleza kwamba haya yanatendeka Uingereza.

"Hata huko Uingereza kuna wazee," yule mzee akasema, "na wenyewe walikuwaga na aibu. Tusikilize hii kesi."

Wakaisikiliza. Wazee wakavuta viti mbele, wakamhoji karani kwa nini anazozana na mtoto wa watu, wakanihoji mimi kama kwetu wapo na kwa nini hawajaja kunichukua. Karani alijibu kama mzee wa Kiingereza mwanzoni, baadaye akajibu kama yeye mwenyewe. Jua likielekea kuzama hukumu ikatoka: mzee amjengee mkamwana nyumba yake, yenye mlango wake, upande wa pili wa boma, na ugomvi uishe. Watu wakapiga makofi kwa nguvu. Walikwenda nyumbani wameridhika kabisa, na Dairekta alikaa kwenye ngazi ya lori ameinama. "Wamelimaliza igizo," akaniambia. "Wamelimaliza bila mstari wangu."

Yule kijana wa lori alinifuata akaniuliza kama hukumu imenifaa. Nilimjibu vibaya, kama kawaida yangu, na yeye akacheka mahali pasipochekesha. Mwaka uliofuata tulioana.

Kwenye harusi Dairekta alipewa nafasi ya kusema neno. Alisimama na koti, amekunja uso kama mtu wa msibani. "Wanaume wote wa Mara hii," akasema, "wavuvi wapo, walimu wapo, maaskari wapo. Huyu binti nilimpa baba mkwe wa uongo. Amekwenda kumfanya wa kweli." Watu walishangilia wakidhani ni utani. Haukuwa utani. Mimi na karani, tuliokuwa tumezozana kila alasiri kwa muda mrefu hivyo, sasa tulikuwa hatuwezi kupita njia moja. Nikimwona kwa mbali najifunika kitenge, yeye anakohoa na kuzama majanini na kifua chake chote. Nilimkumbuka sana mzee yule. Alikuwa rafiki yangu, na nilikuwa nimeolewa kwake nikampoteza.

Halafu mambo yakafunguliwa. Sukari ikarudi kwa magunia, sabuni za rangi zote, na mitumba. Mitumba ilimwumiza Dairekta kuliko njaa. Kwa miaka mingi lile koti lilikuwa peke yake mkoani, na sasa pale sokoni Mwigobero hata wauza samaki wadogo wa furu walivaa makoti ya Kiingereza, mengine yana vifungo vyote. Alilivaa tu. Ofisini wakampunguza, akahamia Musoma, Kamunyonge, akafuga kuku. Siku moja akaja kwangu, maana na mimi nilikuwa nimehamia mjini na mume, na baba mkwe alikuwa amejengewa chumba cha uani. Hakukaa hata chini. "Tunalirudia," akasema. "Sasa sukari ipo."

Nikamkumbusha kwamba mkwe naye yupo.

"Jukwaani hakuna..." akaanza, akaona uso wangu, akaaga.

Alijaribu wengine. Kijana aliyempa nafasi ya mzee alikuwa amelelewa na banda la video, akasisitiza kwamba kwenye ugomvi mzee apige teke la kuruka. Alilipiga, akavunja kiti cha kuazima. Binti aliyechukua nafasi yangu alikuwa anakoroga chai kana kwamba anasonga ugali. Baada ya hapo Dairekta alirudi nyumbani kwetu, akakaa uani kwenye kigoda, koti magotini. Mimi nilikuwa jikoni, karani chumbani kwake, na katikati alikaa mama mkwe wangu akichambua dagaa.

Karani ndiye aliyeanza, kupitia kwa mkewe. "Mwambie mkamwana," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "kama yeye yuko tayari, mimi nitaigiza. Lakini nitakaa nimempa mgongo. Na mkono sishiki."

"Mwambie baba nimesikia," nikamwambia mama mkwe. "Mwambie nimekubali."

"Mkono ndio igizo lenyewe!" Dairekta akalia.

"Basi tafuta wa teke," mama mkwe akasema, akaendelea na dagaa zake.

Tulionyesha katika ukumbi wa kanisa, Jumapili alasiri. Vijana hawakuja, walikuwa kwenye video. Lakini majirani walikuja wote, na watu wa Bunda, na wengine kutoka Butiama waliotaka kujua kama ile nyumba ilijengwa. Walijua sisi ni nani kwa nani. Hawakuja kuona Uingereza, walikuja kuona mkamwana na baba mkwe wanakaa chumba kimoja, na wengi walikuwa wamekaa ukingoni mwa benchi. Dairekta alisimama karibu na jukwaa, amechana nywele zake chache.

Kabla hatujaanza, mlango ukafunguliwa. Mkewe Dairekta aliingia akimshika mkono mama yake, yule bibi mfupi, sasa amezeeka na macho hayaoni vizuri. Alikuwa ameomba aletwe, maana aliliona mwanzo wake godaunini na alitaka kujua mwisho. Wakamketisha benchi la mbele kabisa.

Nilimtazama Dairekta. Alitazama benchi, akatazama jukwaa, akanitazama mimi. Angeweza kubaki, hakuna ambaye angemlaumu, bibi mwenyewe asingemwona. Akaliokota koti lake, akatoka kwa dirisha la pembeni. Safari hii hakuruka. Alipanda kiti, akashuka polepole kama mzee.

Tukaanza bila yeye. Karani alikaa amenipa mgongo igizo zima, akizozana na ukuta, na sikuwahi kumsikia anazozana vizuri namna ile. Tulipofika mwisho nilimimina chai. Niliweka sukari, sukari kweli, vijiko viwili, na hakuna aliyeguna. Nikaweka kikombe kwenye kigoda nyuma yake, nikarudi kwenye sanduku langu. Akapeleka mkono nyuma bila kugeuka, ukapapasa hewani, ukakipata kikombe. Hakukinyanyua. Alikifunika kwa mkono akakaa hivyo. Kimya. Ukumbi mzima ukanyamaza naye, na hakuna mtu aliyesema amesahau.

"Kaa kidogo," akasema. "Chai bado ina moto."

Hakuwa anamwambia Margareti. Nilikaa juu ya sanduku na nililia, sina la kuficha. Yule bibi wa Butiama alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge. Na nje, chini ya dirisha, mtu mmoja alipenga kamasi kwa kishindo.

Baba mkwe wangu amekwisha kufariki. Mwaka uliofuata msiba huo nilikwenda Kamunyonge kumwona Dairekta, ambaye alikuwa hatoki tena ndani. Mkewe alikuwa ametangulia, mwanawe wa pekee alikuwa mbali kwenye machimbo ya dhahabu, na aliyemtunza ni mkamwana, binti mwembamba asiye na maneno. Mlango wa chumba ulikuwa na pazia. Binti alikuwa anakohoa kabla ya kusogea, anasukuma sinia chini ya pazia, anaondoka. Dairekta aligeukia ukuta kila aliposikia kikohozi. Koti lilitandikwa kitandani kama blanketi.

"Kikombe," akaniuliza, hata salamu hazijaisha, "alikichukua kwa mkono upi?"

"Wa kushoto, mzee."

"Kushoto." Alifumba macho. "Mimi nilikuwa nawaza kulia. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akaniomba tena, nikamwonyesha tena, mkono nyuma, ukipapasa. Aliniuliza nilikaa namna gani, kichwa nilikielekeza wapi, kama mvuke ulionekana. Yote aliyoyakosa nilimpa.

Kikohozi kikasikika. Sinia likaingia chini ya pazia, birika na vikombe viwili, na Dairekta akageukia ukuta kama kawaida yake. Nilinyoosha mkono nimimine. Akanizuia kwa kidole. Akakaa hivyo, uso ukutani, muda mrefu, nami nilikuwa nimefundishwa vizuri, sikuuruka. Kule nje nyayo zilianza kuondoka.

"Mama," akasema kwa ukuta. "Kaa kidogo. Chai bado ina moto."

Nyayo zikasimama. Kisha, nyuma ya pazia, tukasikia kigoda kikivutwa.